Anemoni Amenywea: Kusoma Dalili za Tangi la Maji ya Bahari Nyumbani Mtwara na Lindi

Ukimkuta anemoni wako, yule mnyama wa baharini anayefanana na ua, amenywea, amepauka au amelegea jiweni, usimguse. Usimlishe, usimhamishe, usitie dawa. Pima maji kwanza: joto, kisha chumvi, kisha amonia (sumu inayotokana na uchafu na mabaki yanayooza), kwa mpangilio huo huo. Hapa kwetu kusini vitu hivyo vitatu ndivyo vya kushukiwa kabla ya kingine chochote, na joto ndilo kinara wao. Anemoni haugui peke yake. Maji huugua kwanza, yeye hutangulia tu kuonyesha.

Ninaowazungumzia hapa ni wa mwambao wetu wenyewe, wale wakubwa wanaoishi na samaki wadogo wa rangi ya chungwa wenye milia myeupe. Heteractis magnifica hupenda kukaa juu ya jiwe mahali penye mkondo na jua. Entacmaea quadricolor hujificha mguu kwenye ufa, mikono yake ikivimba nchani. Heteractis aurora hujifukia mchangani na mikono yake ina vifundovifundo. Wale wa bahari zenye baridi kutoka Ulaya nimewawekea sehemu yao mwishoni, maana shida zao ni nyingine kabisa.

Jambo la kibali tulimalize hapa. Ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, hutoi kitu bila ruhusa, liwe jiwe au anemoni. Nje ya hifadhi, zungumza kwanza na ofisa uvuvi na viongozi wa BMU (kikundi cha wanakijiji cha kusimamia fukwe na uvuvi) wa kijiji husika. Kuna faida nyingine ya kupita njia hiyo: wavuvi wa BMU wanajua mwamba gani una anemoni wenye afya, na watakuonyesha alikuwa amekaa vipi. Habari hiyo utaihitaji baadaye.

Amenywea. Ni ugonjwa au ni choo?

Anemoni ana tundu moja tu. Chakula kinaingilia hapo na uchafu unatokea hapo hapo. Kila baada ya muda anajikamua maji yote mwilini, anabaki donge, anatema utepe wa kahawia wenye utelezi, halafu baada ya saa kadhaa anavuta maji mapya na kufumuka. Akifanya hivyo siku moja baada ya kula mlo mkubwa, mwache. Wengi huwaua anemoni wao katika saa hizo hizo, kwa kumchokonoa ili kuona kama yu hai.

Tazama mambo mawili. La kwanza ni mdomo: ukiwa umefunga vizuri hata kama mwili umesinyaa, hakuna haraka. Ukiwa umeachama na nyama nyeupe ya ndani imetokeza nje kwa zaidi ya siku moja, kuna tatizo. La pili ni mguu: mguu ulioshika jiwe ni habari njema, na mguu ulioachia huku anemoni anabiringishwa na mkondo ni habari mbaya.

Kama bado una shaka, vuta maji kidogo kwa bomba la sindano pale karibu na mdomo wake, yatie kwenye glasi, unuse. Anemoni aliyekufa hakuachi ukijiuliza. Harufu yake ni ya samaki aliyeoza juani, na nyama inachanika ukiigusa kwa kijiti. Huyo mtoe dakika hiyo hiyo, mkono ukiwa ndani ya mfuko wa plastiki, kisha badilisha robo hadi nusu ya maji. Mwili wa ukubwa wa kiganja ukiozea ndani ya tangi la lita 100 usiku kucha unaweza kuondoka na kila kilichomo.

Amepauka

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo tukae kidogo.

Ule ukahawia au uzaituni unaouona kwenye anemoni ni mwani mdogo usioonekana kwa jicho. Mwani huo unaishi ndani ya nyama yake, unatumia mwanga kutengeneza sukari, na sehemu kubwa ya sukari hiyo anakula anemoni. Joto likizidi, hasa likikutana na mwanga mkali, mpango huo unavurugika: mwani unaanza kutoa kemikali zinazomuumiza mwenyeji wake, naye anautema. Anabaki mweupe, au wa manjano hafifu. Ndicho kilichoyapata matumbawe ya pwani yetu mwaka 1998, na tena 2016, bahari ilipopata joto kupita kawaida.

Wakati wa kusi, Juni mpaka Septemba, maji ya bahari yetu huwa kwenye digrii 25 au 26. Mwishoni mwa kaskazi, Februari na Machi, hugusa 29 na kuvuka. Lakini baharini kuna kina na kuna mkondo. Tangi dogo ndani ya chumba cha bati kisicho na dari halina kimojawapo. Lenga digrii 25 hadi 27. Kwenye 28 atavumilia. Yakikaa 30 siku kadhaa mfululizo, kupauka kunaanza, na ukiwa na taa kali kunaanza mapema zaidi.

Pima saa tisa alasiri. Wanaopima saa kumi na mbili asubuhi wanajidanganya: tangi linasoma 27, mwenyewe anaondoka kazini na moyo mweupe, na mchana likapanda hadi 31 bila shahidi. Kipimajoto cha kidijitali chenye kukumbuka joto la juu na la chini ni bora kuliko kifaa kingine chochote utakachonunua, taa ikiwemo.

Joto linatoka wapi? Anza na mfuniko wa kioo. Uondoe, weka wavu badala yake ili samaki wasiruke. Kisha pampu inayozama majini: moto wake wote unaishia kwenye maji. Kisha ukuta. Tangi lililoegemezwa ukuta wa magharibi linapokea jua la jioni hata kama dirisha limefungwa, kwa sababu tofali lenyewe limeshaiva. Lisogeze ukuta wa ndani, na kama si zito sana literemshe karibu na sakafu ya saruji badala ya kuliweka juu ya kabati, maana hewa ya moto chini ya bati hukaa juu.

Baada ya hapo ndipo feni. Feni ndogo ya mezani ikipuliza juu ya maji inashusha digrii mbili, pengine tatu hewa ikiwa kavu. Wakati wa masika, hewa ikiwa imejaa unyevu, itashusha kidogo sana, na hapo ndipo watu wanaposema feni imeharibika. Haijaharibika. Maji yanapoa kwa kupotea hewani, na hewa iliyoshiba unyevu haipokei zaidi.

Barafu ni ya dharura. Chupa ya lita moja na nusu iliyogandishwa, ikielea kwenye tangi la lita 100 mpaka iyeyuke yote, inashusha takribani digrii moja na nusu. Weka chupa moja kwa wakati, mfuniko ukiwa umekazwa, mbali na anemoni. Usimwage vipande vya barafu ndani. Hayo ni maji yasiyo na chumvi yanayoteremka kuharibu chumvi ya tangi. Na usishushe digrii nne kwa mkupuo mmoja eti umeogopa, kwa sababu kuyumba kwa joto nako kunamtesa.

Kama kipimajoto kinaapa kwamba maji hayajawahi kuvuka 27, angalia taa. Taa mpya yenye nguvu iliyowashwa kwa muda wa saa kumi siku ya kwanza inampausha anemoni hata kwenye maji ya baridi. Ipandishe juu, au anza na saa nne kwa siku, uongeze polepole. Kinyume chake, anemoni anayezidi kuwa mweusi-mweusi na kurefuka kuelekea juu anakuambia taa ni dhaifu.

Na kama ulimnunua dukani akiwa na rangi ya manjano kali au bluu iliyoenea sare mwili mzima, huenda aliuzwa akiwa ameshapauka kisha akatiwa rangi. Biashara hiyo ipo duniani kote, na mimi simnunui anemoni wa namna hiyo hata akipunguzwa bei mara tatu.

Aliyepauka si maiti. Ana njaa. Punguza mwanga kwa theluthi, weka joto kwenye 26, kisha mlishe mara mbili au tatu kwa wiki: kipande cha kamba mbichi au ngisi, ukubwa wa punje ya mahindi, si zaidi. Dagaa wa chumvi, dagaa wakavu na samaki wa kukaanga hapana. Mpe ukiwa umezima pampu ya mkondo kwa dakika kumi, la sivyo samaki watamnyang'anya. Rangi hurudi kwa miezi, si kwa wiki, na ikianza kurudi utaiona kwanza karibu na shina la mikono.

Wote wamejikunja kwa pamoja, ghafla

Anemoni mmoja akijikunja, mchunguze yeye. Anemoni, konokono na kamba wakibadilika siku moja, ni maji. Kuna njia mbili: chumvi imeyumba, au kuna sumu imeingia.

Chumvi kwanza. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa kila kilo moja. Feni ile ile uliyoifunga kupunguza joto sasa inakunywa maji yako, na inachokunywa ni maji matupu, chumvi inabaki. Tangi la lita 100 likipoteza lita mbili kwa siku bila kujaziwa, baada ya wiki moja chumvi imepanda kutoka 35 hadi kuvuka 40. Kosa la pili hujengwa juu ya la kwanza: mtu anaona maji yameshuka, anaenda ufukwe wa Shangani na dumu, anarudi kujazia kwa maji ya bahari. Ameongeza chumvi juu ya chumvi. Maji yaliyopotea kwa hewa hujaziwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kila siku, kidogo kidogo. Piga mstari wa kalamu kwenye kioo ujue kiwango.

Refraktomita ndiyo kipimo kizuri, na utaiagiza Dar es Salaam ikufikie kwa basi. Ukiwa huna, mizani ya kidijitali ya jikoni itakusaidia. Chukua chupa tupu ya maji ya lita moja na nusu. Ijaze maji ya kunywa ya chupa mpaka mdomoni kabisa, ipime, andika. Imwage, ijaze maji ya tangi mpaka mdomoni vile vile, yakiwa na joto lile lile, ipime tena. Maji ya tangi yazidi kwa karibu gramu 40. Tofauti ikishuka chini ya 35, chumvi imepungua. Ikivuka 45, imezidi. Ukitaka uhakika zaidi, pima pia maji uliyoyachota baharini siku ya maji safi, ulinganishe na hayo. Rekebisha kwa siku mbili au tatu, si kwa ndoo moja.

Maji ya kuchota nayo yana siku zake. Yachote bahari ikijaa, si ikipwa, na bora siku za bamvua ambapo maji yanatoka mbali. Lindi usichote karibu na mdomo wa Lukuledi, na upande wa Msimbati kaa mbali na Ruvuma, hasa kati ya Desemba na Aprili mto unapoteremsha maji mekundu. Baada ya mvua kubwa subiri siku kadhaa, hata kama maji yanaonekana safi; maji ya mto huelea juu ya maji ya chumvi, na ndoo yako inachota juu. Yachuje kwa kitambaa safi ambacho hakijafuliwa kwa sabuni ya manukato. Dumu lililowahi kubeba mafuta ya kula au ya taa usilitumie hata uliloweke mwezi mzima.

Sasa sumu. Swali la kuuliza ni nani aliumia kwanza. Kama samaki wanaogelea kama kawaida huku anemoni, konokono na kamba wamejikunja, shuku madini: shaba au zinki. Shaba imo kwenye dawa nyingi za kutibu samaki. Dawa ya samaki na anemoni havikai tangi moja. Zinki inatoka kwenye bati. Ndiyo, maji ya mvua yaliyokingwa kwenye paa, ambayo sisi tunayanywa na kuyasifia, yanaweza kuwa yamebeba zinki ya mabati, na mnyama asiye na uti wa mgongo haivumilii. Maji ya bomba nayo yana klorini. Kwa kujazia mimi nashauri maji yaliyochujwa yanayouzwa kwenye madumu ya lita 20. Kuna wanaoambiwa watumie maji ya betri. Hapo angalia sana, kwa sababu baadhi ya chupa zinazoitwa hivyo mitaani ni tindikali.

Lakini kama kamba wamekufa kwanza, samaki wanapiga mbio na kugongana na kioo, na anemoni amefuata, tazama hewa ya chumba. Niliitwa nyumba moja Mtwara mjini ambako kila wiki mambo yalikuwa hivyo. Maji yalipimwa: joto sawa, chumvi sawa, amonia hakuna. Mama mwenye nyumba akaniambia, "Mwanangu, humo hatii mtu mkono, nimewakataza wote." Nikamwamini. Ilipofika magharibi, binti wa nyumbani akaingia na kopo la dawa ya mbu, akapuliza pembe nne za sebule, akafunga mlango. Pampu ya hewa ilikuwa juu ya kabati, inanguruma, inavuta hewa ile ile na kuipeleka majini kwa mpira.

"Mama, hiyo dawa mnapuliza kila siku?"

"Ah, Ijumaa tu baba yao akirudi, hapendi mbu."

Dawa nyingi za kupuliza zina viambato vya jamii ya pareto, ambavyo kwa binadamu ni vyepesi lakini kwa kamba na samaki ni sumu kali hata kwa kiasi kidogo mno. Hamishia pampu ya hewa chumba kingine na upitishe mpira ukutani, au acheni kupuliza chumba chenye tangi na mtumie chandarua. Sumu ikishaingia, badilisha maji nusu leo na nusu kesho, na weka mkaa maalumu wa kuchujia kwenye chujio. Mkaa wa jikoni haufanyi kazi hiyo. Mikono yenye losheni, mafuta ya nazi au mabaki ya salfa ya shambani nayo isiingie majini. Msimu wa kupulizia mikorosho, mtu ametoka shamba aoge kwanza.

Maji yana ukungu, samaki wanahema juu

Umeme ulikatika usiku, na hukuamka. Maji ya moto yanabeba hewa kidogo kuliko ya baridi, kwa hiyo tangi la digrii 30 linaishiwa oksijeni mapema. Bakteria wa kwenye chujio, wale wanaokula amonia, nao wanaanza kufa maji yakisimama. Asubuhi umeme unarudi, pampu inasukuma ule uchafu uliooza ndani ya chujio moja kwa moja kwenye tangi.

Kabla ya kuwasha chujio lililosimama kwa saa nyingi, lifungue, mwaga maji yake, suuza sponji kwa maji ya tangi, halafu ndipo uwashe. Pima amonia. Inatakiwa iwe sifuri, na nitriti, ile sumu ambayo bakteria huigeuza amonia kuwa, nayo sifuri. Maji ya bahari yana pH (kipimo cha uchachu) ya karibu 8.1, na kwenye pH hiyo, tena kwenye joto letu, ile sehemu ya amonia yenye sumu inaongezeka. Kiwango ambacho samaki wa mtoni au ziwani asingekistuka hapa kinadhuru. Ukiona hata rangi kidogo kwenye kipimo, badilisha robo ya maji, acha kulisha siku mbili, pima tena.

Kwa kukatika kwenyewe, nunua pampu ndogo ya hewa inayotumia waya wa USB na uiunganishe na pawabenki. Hiyo tu. Jenereta kwa ajili ya tangi ni kelele na petroli. Ukikosa vyote, chota maji kwa kikombe na uyamwage kutoka juu, mara kwa mara. Watoto wa nyumbani hufurahia zamu hiyo kwa nusu saa ya kwanza.

Ukungu kwenye tangi jipya ni suala jingine. Chujio linahitaji wiki nne hadi sita kupata bakteria wa kutosha, na anemoni asiingie hapo. Mpe tangi miezi sita kwanza, na samaki mmoja au wawili wa kulizoesha. Najua hakuna anayependa kusikia hili akiwa tayari na anemoni kwenye ndoo.

Anatembea

Siku chache za mwanzo ni haki yake kutafuta pa kukaa. Akiendelea baada ya wiki, hapendi mkondo au mwanga wa hapo. Kumbuka alikotoka: wa juu ya jiwe mpe kilele, wa ufa mpe tundu refu la kuingiza mguu, wa mchangani mpe mchanga wa sentimita kumi na jiwe chini yake la kushikilia. Anayepanda kioo kuelekea taa anataka mwanga. Anayejibanza nyuma ya jiwe anaukimbia.

Hatari ya kutembea ni pampu. Funika mdomo wa kila pampu kwa sponji au wavu mgumu kabla hajaingia, maana anemoni aliyesagwa na pampu anageuka uji na amonia, na tangi zima linaingia kwenye tatizo la sehemu iliyopita.

Mikono hainati

Anemoni mzima ukimgusa kwa kijiti ananata, kwa sababu ya vishale vidogo vya sumu mikononi. Asiponata na chakula kikamponyoka, ama ameshiba, ama ni dhaifu, ama umempa kipande kikubwa. Akikitema kesho yake kikiwa kizima, kipunguze. Usijaribu kunata kwake kwa kidole. Na ukisafisha tangi, usishike jicho kabla ya kunawa.

Mguu umechanika

Huyu alichongolewa jiweni kwa kisu au bisibisi. Mpasuko mdogo pembeni hupona kwenye maji safi. Mpasuko wa katikati ya mguu huwa haurudi. Ukitaka kumtoa, toa na jiwe lake ikiruhusiwa, au mguse mguuni kwa kipande cha barafu kilichofungwa kwenye mfuko, umsubiri aachie mwenyewe, ukimsaidia kwa kadi laini ya plastiki.

Vianemoni vya kahawia vimezagaa kila mahali

Vile virefu vyembamba, vya sentimita moja au mbili, vinavyojificha ukivigusa. Hao ni Aiptasia, wamekuja na jiwe, na hawahusiani na anemoni wako isipokuwa kumchoma. Usivikwangue: kila kipande cha mguu kinachobaki kinaota kingine. Chemsha maji, vuta kwa bomba la sindano, choma kimoja kimoja mdomoni. Vikiwa vingi kuliko uvumilivu wako, punguza chakula kwanza, kwa sababu vimeshibishwa na mabaki.

Umeagiza anemoni wa bahari zenye baridi

Metridium senile, yule mrefu mwenye kichwa cha manyoya, na jamii za Urticina wenye mikono minene, wote ni wa bahari za kaskazini. Hawana mwani wa kuwalisha kama wa kwetu, hivyo taa kali ni ya bure kwao na chakula ndicho kila kitu. Uskoti, maji ya bahari hushuka mpaka digrii kama 6 wakati wa baridi na kupanda mpaka 13 au 14 kiangazi. Sebule yako ya Mtwara ina 30.

Dalili zake ni hizi: kioo kinatoa jasho mpaka meza inalowa, mashine ya kupoza haipumziki, chumba kinazidi kuwa moto kwa sababu mashine inamwaga chumbani joto inalolitoa kwenye tangi, na anemoni amerefuka, amelegea, mdomo wazi. Mashine nyingi za tangi zimetengenezwa kushusha digrii chache chini ya joto la chumba, si digrii 18 za kutoka 30 hadi 12. Kuongeza mashine ya pili ni kupoteza pesa.

Kama tayari unaye, kuna njia moja ninayoiona ina mantiki: sahau tangi la sebuleni. Tafuta friji ya vinywaji yenye mlango wa kioo, iunganishe na kidhibiti joto cha nje kilichowekwa digrii 12, na umweke ndani kwenye mtungi wa kioo wa lita kumi wenye mpira mwembamba wa hewa. Badilisha maji mara mbili kwa wiki, kwa maji yaliyopozwa humo humo kwenye friji tangu jana. Metridium mlishe chembe laini kila siku, Urticina kipande cha kamba mara mbili kwa wiki, na utoe mabaki baada ya saa moja. Umeme ukikatika usifungue mlango. Friji iliyofungwa ikiwa na madumu ya maji baridi chini inashikilia ubaridi kwa saa nyingi.

Mtungi mdogo usikutie wasiwasi. Mwaka 1828 Sir John Dalyell, mtaalamu wa viumbe wa Uskoti, alimwokota anemoni mwekundu wa aina ya Actinia equina kwenye pwani ya North Berwick, Uskoti, akamweka kwenye mtungi wa kioo. Hakukuwa na pampu, taa wala umeme. Alimbadilishia maji ya bahari na kumlisha. Dalyell alifariki mwaka 1851; anemoni, aliyepewa jina la Granny, akapokezana mikono ya walezi wengine mjini Edinburgh mpaka mwaka 1887, akizaa watoto mamia. Alichokuwa nacho na wewe huna ni hali ya hewa ya Uskoti, na hiyo ndiyo friji inayokuuzia.

Akikushinda, mpe mwingine mwenye friji. Asiachiwe baharini, hata kama anaonekana anakufa, na maji yake usiyamwage kwenye mfereji unaoelekea pwani. Yamwage kwenye shimo la choo.